Simu ya Bonde Zima

Honi moja ndefu ilikuwa ya akina Skaggs. Mbili fupi, Vesta Ratliff. Tatu zilikuwa zangu, na marehemu mume wangu alikuwa akizisikia kabla yangu. Aliniambia, "Jewell, wifi yako anakuita. Ukikaa huko kupiga soga mpaka giza, maharage haya nayatupia mbwa." Kila nyumba katika bonde la Tackett ilikuwa na honi yake, na mpigaji wa zote alikuwa mtu mmoja: Oleta Mullins, mke wa kaka yangu Dorsel.

Jimbo, yaani serikali, lina jina lake la kumwita Oleta. Linamwita "namba yenye mashaka." Nimelisoma jina hilo kwa macho yangu kwenye kioo cha simu, na tangu siku hiyo nina hasira ambayo hata kanisani sikuweza kuitua. Basi nitamsimulia mwenyewe.

Zamani kampuni ya simu ilivuta waya kutoka mjini ukafika kwenye bega la mlima, nyumbani kwa mama yake Oleta. Pale mafundi wakatazama nyumba zetu zilizobaki kule ndani ya bonde, wakaona hakuna faida, wakageuza gari. Tukabaki na simu moja. Kwa hiyo shuleni tuliandikisha namba ya akina Oleta, zahanati namba hiyo hiyo, mgodini hiyo hiyo. Hata vijana waliokuwa wakitongozana mji wa jirani walitoa namba hiyo, na mama yake Oleta akawa anajua mambo ya watu kuliko mchungaji. Mama alipofariki, Oleta alirithi nyumba, simu, na kazi.

Zikaja simu za mkononi, tukadhani sasa kila mtu atajitegemea. Thubutu! Milima yetu imebana kila upande. Ukitafuta mtandao jikoni kwangu utazeeka. Mahali pamoja tu bondeni simu inashika, napo ni kwenye kibaraza cha Oleta, kwa sababu kinatazamana na pengo la mlima. Tulicheka sana. Tukasema hata Mungu ameandikisha namba ya Oleta.

Dorsel ndiye aliyeleta honi. Pikapu yake ilikufa injini, akaisukuma hadi kwenye ukingo wa ua, pua ikitazama bonde, akaiacha hapo. Betri alikuwa akiichaji kwa waya kutoka dirishani. Simu ikiita, Oleta anatoka na aproni yake, anaingia garini, anabonyeza honi, na mwenye honi yake anapanda mlima. Dorsel alikuwa akimtania, "Mke wangu ana gari lisilokwenda popote, na kila mtu analikimbilia."

Msidhani Oleta alikuwa malaika. Alikuwa na ulimi mkali. Zahanati ikipiga kumuuliza Burley Skaggs kwa nini hakufika, alijibu mwenyewe bila hata kupiga honi: "Amelewa. Pigeni kesho, na mumgombeze." Lakini hakumkatalia mtu simu hata siku moja. Na kulikuwa na habari ambazo hakuzipigia honi. Paa la mgodi lilipomwangukia huyo huyo Burley akiwa kijana, mgodi ulipiga kwa Oleta. Theluji ilikuwa imefika magotini. Alivaa viatu vya Dorsel, akashuka kwa miguu hadi kwa mama yake Burley, akamshika mikono, ndipo akamwambia. Nilimuuliza kwa nini hakupiga honi, mama wa watu aje mwenyewe. Akanikata jicho. "Habari kama hiyo haipigiwi honi, wifi. Mtu anaendewa."

Burley alitolewa mzima. Nawaomba mlikumbuke jina lake.

Miaka ikaenda, jimbo likaja na kitu walichokiita Mlango Mmoja. Leseni, kadi ya matibabu, msaada wa kuni na gesi wakati wa baridi, mishahara ya wauguzi wa nyumbani, vyote viliwekwa ndani ya Mlango Mmoja, na mlango wenyewe uko kwenye simu. Ili uingie unatumiwa namba ya siri, na usipoiandika upesi inakufa. Sisi tukafanya tulivyofanya siku zote. Palipoandikwa "namba yako ya simu" tukaandika ya Oleta. Hakuna aliyefikiria mara mbili. Ukimuuliza mtu wa Tackett namba yake ya simu, hiyo ndiyo namba yake.

Basi ikawa vioja. Honi inalia, watu wanakimbia mlima kuwahi namba isife. Siku moja Vesta Ratliff alikuja mbio na vibano vya nywele kichwani, kiatu kimoja mkononi.

"Ishikilie, Oleta! Usiiache ife!"

"Niishikilie vipi, kwani ni kuku? Kimbia wewe!"

"Nakimbia! Moyo unanitoka!"

"Ukikutoka uache hapo hapo, namba imebakiza dakika moja!"

Dorsel alikuwa dirishani akicheka hadi mashine yake ya oksijeni ikapiga king'ora.

Maana Dorsel wakati huo alikuwa mgonjwa. Vumbi la makaa lilikuwa limemjaa mapafuni, kama lilivyomjaa baba yetu. Hakuweza kusimama mwenyewe. Kila asubuhi alikuja muuguzi, Tamra, binti mwenye mikono ya mpasua kuni na sauti ya mtoto. Alimwogesha, akambeba kutoka kitandani hadi kwenye kiti cha dirishani. Oleta nyonga yake moja ilikuwa mbovu, na Dorsel hata alipokonda alibaki na mifupa ya ng'ombe. Bila Tamra hakuinuka. Na Tamra alilipwa na jimbo kupitia Mlango Mmoja.

Kaka yangu alikuwa na ombi moja tu duniani, na alilisema mbele yangu. "Oleta, wasinipeleke mjini kwenye nyumba ya wazee. Maisha yangu yote nimeutazama mlima huu kwa ndani. Niache nife nikiutazama kwa nje."

Oleta akamwambia, "Nani atakupeleka? Watapita wapi? Mimi nitakuwa nimekaa mlangoni."

Kisha jimbo likasema linaboresha huduma.

Nitakuwa mkweli, kulikuwa na wezi. Watu wa mbali ambao hawajawahi kuiona milima hii walikuwa wamechukua majina ya walio hai na ya waliokufa, wakala misaada ya watu. Ilibidi mlango utiwe komeo. Sina ugomvi na komeo. Ugomvi wangu ni kwamba aliyelitia hakuuliza nani yuko ndani. Walisema kila mtu awe na namba yake, na mashine itafute namba zenye watu wengi. Mashine ikatafuta, ikakuta namba moja juu ya mlima imebeba bonde zima. Ikaona genge la wezi. Asubuhi moja tukaamka sote tumefungiwa nje.

Tamra aliendelea kuja bila mshahara. Alikuja, akaja, mwisho akamkalisha Oleta jikoni akalia. "Mama Oleta, nina watoto. Si kwamba siwataki." Oleta akamfungia mkate wa mahindi kwenye kitambaa, akamwambia aende, watoto hawali ahadi.

Nilimpeleka Oleta mjini kwa gari langu. Kwenye ofisi ya kaunti kulikuwa na msichana dirishani, mwenye adabu zake. Akasema kaunti haina ufunguo, mambo hayo ni ya jimbo. Tukapiga simu ya jimbo, tukapigiwa muziki, kisha sauti ya mashine ikatuambia kwa usaidizi zaidi tufike ofisi ya kaunti.

"Ndiyo hapa tulipo," Oleta akaiambia ile mashine.

Msichana akasema ipo njia ya sura. Oleta akachukua simu yangu, akapiga picha ya leseni yake, akaweka uso ndani ya duara, akageuka kushoto, akageuka kulia, kama anayepimwa kofia. Mashine ikafikiri. Kisha ikasema sura inalingana, lakini haiwezi kuendelea, namba yenye mashaka.

"Kwa hiyo inajua kwamba ni mimi?" Oleta akauliza.

"Inaijua sura yako, mama. Lakini haijakuthibitisha."

"Wewe mwanangu, unaniona?"

"Nakuona."

"Mimi ni nani?"

Yule msichana aliangalia chini. Jina lake alilijua, maana Oleta alikuwa akimpokelea simu bibi yake. "Mama, mimi siruhusiwi kujibu hilo," akasema.

Baada ya siku kadhaa alikuja mtu wa jimbo mwenyewe, mpelelezi, Bwana Whitlow. Alikuwa mpole, na viatu vyake vilikuwa vimejaa tope hadi nikamwonea huruma. Oleta alimkaribisha kibarazani akampa kahawa. Mimi nilikuwa hapo nikimenya viazi. Dirisha lilikuwa wazi, Dorsel akiwa amelala ndani, maana siku hizo hapakuwa na wa kumtoa kitandani.

"Mama, mimi nakuamini," Whitlow akasema. "Nimeona watu wa genge, wewe si mmoja wao. Mambo ni mepesi. Useme tu hawa majirani walitumia namba yako bila ruhusa. Utie kidole hapa kwenye kioo. Kesho kutwa uko safi, na muuguzi wa mzee anarudi."

"Lakini niliwapa ruhusa."

"Usiseme hivyo, mama."

"Nisiseme vipi na ndivyo ilivyo? Mama yangu aliwapa kabla yangu."

"Ukisema uliwapa, kitabu cha kanuni kinakuweka wewe ndiye kiongozi wa genge."

"Na wao je, nikisema hawakuwa na ruhusa?"

Whitlow akanywa kahawa kwanza. "Watachunguzwa. Baadhi yao watachelewa kupata misaada. Msimu huu wa baridi, sidhani kama wataipata."

Nikaacha viazi. Nikamwambia, "Wifi, weka kidole." Naam, nilimwambia, na ningemwambia tena leo. "Weka kidole, kaka yangu yuko humo ndani."

Oleta akanyanyuka kwenda dirishani. "Mzee, umesikia?"

Sauti ya Dorsel ikatoka pamoja na ya mashine yake. "Nimesikia. Vesta ana wajukuu kule bondeni, hawana kuni."

"Najua."

"Basi unaniuliza nini?"

Oleta akarudi, akamwambia yule bwana amalize kahawa kabla haijapoa, lakini kidole chake kina kazi nyingine. Whitlow aliondoka akiomba radhi. Oleta akaniambia, "Usininunie, wifi. Watu wa hapa nao watasema kweli yao. Wakisema wote kwamba ndiyo, ni simu yetu sote, tangu enzi za mama, jimbo litawafanya nini? Litafunga bonde zima jela?"

Hapo ndipo alipokosea, maskini. Aliwapima kwa kibaba chake.

Maana jimbo halikumtuma mpelelezi kwa wengine. Liliwatumia swali kwa barua, wakalijibu kwenye kompyuta ya maktaba mjini. Swali lilikuwa fupi: Je, unaitambua namba hii? Chini yake, namba ya Oleta. Ukibonyeza Ndiyo, akaunti inabaki imefungwa mpaka uchunguzi ukamilike. Ukibonyeza Hapana, unaandika namba nyingine, ya mtoto wako aliyeko mjini au ya binamu, na mlango unafunguka hapo hapo.

Walibonyeza Hapana. Vesta alibonyeza Hapana. Wale aliokuwa akiwakimbizia habari za kuzaliwa wajukuu, Hapana. Mmoja mmoja, kila mtu peke yake na kioo chake, bila kumwambia mwenzake. Mimi sikuulizwa, maana wifi wa mtuhumiwa jimbo halimhesabu. Namba iliyokuwa ya kila mtu ikakosa hata mtu mmoja wa kuitambua, na mashine ikapata ilichokuwa ikitafuta: mwanamke aliyechukua majina ya watu wasiomjua.

Nilimkuta Burley Skaggs dukani akinunua tumbaku. Nikamuuliza mbele ya watu.

"Burley, hivi wewe namba ya Oleta huijui?"

"Ah, Jewell, usianze."

"Naanza. Namba ambayo mgodi uliipiga ukiwa chini ya mawe huijui?"

"Ni kitufe tu, dada yangu! Naongea na mashine, siongei na mtu. Oleta mwenyewe anajua kwamba namjua."

"Wewe ungekuwa Petro usingesubiri jogoo. Ungemchinja kabla hajawika."

Watu wakacheka, na yeye akacheka, akalipa tumbaku yake. Haki ya Mungu nilitamani kumpiga na kopo la maharage. Lakini ndivyo walivyoona wote, na walikuwa watu wa kanisa. Uongo kwa jirani ni dhambi. Uongo kwa mashine waliona ni kama kumwambia ng'ombe kesho kuna nyasi.

Oleta aliwafungulia mlango kama kawaida walipokuja na supu na keki za tufaha, maana aibu huwafanya watu wetu wapike sana. Wanaume walikuja mara chache kumwinua Dorsel, kisha wakawa na mgongo, na shamba, na safari. Siku moja Oleta akajaribu kumwinua peke yake. Wakaanguka wote wawili. Nilipofika, walikuwa sakafuni wameshikana, yeye akimfuta Dorsel damu kwa aproni, Dorsel akisema, "Hata kucheza dansi umesahau, bibie."

Gari la hospitali likamchukua. Hospitali ikasema haiwezi kumrudisha kwenye nyumba isiyo na muuguzi. Ikampeleka nyumba ya wazee mjini, na huko alipokelewa siku hiyo hiyo. Nikamuuliza mwandikishaji inakuwaje huku anatambulika. Akasema malazi yanapita mlango mwingine. Yaani kumtoa mtu kwake hakukuhitaji namba ya siri.

Chumba chake kilitazama maegesho ya magari. Nilimpeleka Oleta kila Jumatano na kila Jumapili. Alimbebea maharage na vitunguu vya mwituni, naye Dorsel akavila viwili vitatu kwa kumpendeza mkewe. Waliongea mambo ya bustani. Siku zisizo zetu, Oleta alikaa kibarazani na simu kwenye mfuko wa aproni, kwa sababu manesi walimwahidi likitokea lolote watampigia.

Jumapili moja tulifika na sufuria bado ya moto. Kitandani kwa Dorsel alilala mzee mwingine, anatazama televisheni.

Nesi wa zamu alitupeleka pembeni. Dorsel alikuwa amefariki Ijumaa asubuhi. Mwili uko mochwari ya kaunti. Kwenye kompyuta yao ilikuwa imeandikwa kwamba hakuna ndugu anayepatikana.

"Simu ilikuwa mfukoni," Oleta akasema. Akaitoa, akamwonyesha, kama mtoto anayeonyesha kwamba hakupoteza chenji. "Imewaka. Tazama. Sijaizima hata siku moja."

"Naona, mama. Lakini namba za ndugu tunazipata kwenye Mlango Mmoja. Hiyo yako imezuiwa. Pale kwenye nafasi ya mke, palikuwa patupu."

Yangu mimi hawakuwa nayo. Nani angedhani ingehitajika? Mtu aliyemwoa Oleta anahitaji namba ya nani tena? Na yule nesi alikuwa mtu wa kwetu, nyumba yao ni pale mdomoni mwa bonde. Alijua njia. Ni mwendo wa nusu saa kwa gari. Nikamuuliza kwa nini hakuja. Akasema, "Utaratibu ni kupiga simu." Nikafungua mdomo, Oleta akanishika mkono, akasema twende.

Njia nzima hakulia. Alipakata ile sufuria. Tulipofika kwake nikazima gari. Alishuka, akaweka sufuria kwenye ngazi, hakuingia ndani. Alikwenda moja kwa moja hadi kwenye pikapu, akakaa kwenye usukani. Waya wa kuchaji ulikuwa bado umechomekwa, Dorsel alikuwa akimkumbusha kila mara.

Akabonyeza honi, akalala juu yake.

Haikuwa moja, wala mbili, wala tatu. Ililia bila kukatika. Bonde zima watu walitoka kwenye vibaraza vyao. Niliwaona kule chini, wadogo wadogo, wamesimama na leso za chakula cha Jumapili shingoni, wakihesabu. Hawakujua ni ya nani. Katika miaka yote ile, nyumba ya Oleta haikuwahi kupewa honi yake.

Burley Skaggs ndiye aliyefika wa kwanza, anahema, mkono kifuani. "Jewell, hiyo ya nani?" akaniuliza. "Nani kapigiwa simu?"

"Hakuna aliyepigiwa," nikamwambia. "Dorsel amekufa tangu Ijumaa."